Saa Mbili na Dakika Hamsini

Miaka kumi na moja nimeketi kwenye dirisha hili la tiketi, na swali ni lile lile: ni mbali? Najibu bila hata kuinua macho. Kilomita elfu mbili na mia moja, saa mbili na dakika hamsini angani. Baba naye nilimjibu hivyo hivyo kila aliponipigia simu. "Ni karibu tu, baba. Nitakuja." Sijaenda hata siku moja. Mara likizo imefutwa, mara watoto wanaumwa, mara nimechoka tu, nataka kulala.

Jana dada yangu alipiga. Baba anapasuliwa moyo kesho saa mbili asubuhi, na madaktari hawaahidi kitu. Ndege ya moja kwa moja ni ya leo saa kumi jioni, nyingine mpaka Ijumaa. Asubuhi nikajishikia kiti cha mwisho. Sisi wauza tiketi ndivyo tunavyofanya: unashika kiti kwanza, unalipia baadaye, na ikifika saa sita mchana kama hujalipa kompyuta inakiachia yenyewe. Wateja huwa nawakumbusha mara tatu. Mimi nani angenikumbusha?

Foleni ilifika mlangoni. Saa sita na robo akaja bwana mmoja mwenye koti, anahema.

"Dada, ya leo jioni haijabaki hata nafasi moja?"

Nikatazama. Ipo moja.

"Una bahati, kaka. Kuna mtu kaiachia sasa hivi."

"Ni mbali?"

"Saa mbili na dakika hamsini."

Nikamchapia tiketi, nikamtakia safari njema, akaondoka mbiombio. Nilipoinua chupa ya maji ninywe, ndipo nikakumbuka. Nilikuwa nimeuza kiti changu kwa mkono wangu mwenyewe.

Mwenzangu wa dirisha la pili alinihurumia, akanitafutia njia nyingine. Kupitia viwanja viwili vya ndege na kulala kwenye benchi, jumla ya saa ishirini na moja.

"Utafika kesho adhuhuri," akasema, hakunitazama.

Nikalipia palepale. Kabla sijafunga dirisha, simu ikalia. Alikuwa dada.

"Ongea naye. Kakazana anataka kujua uko wapi."

"Mwanangu," baba akasema, sauti imemkauka. "Ni zile saa mbili na dakika hamsini, si ndiyo? Niwaambie madaktari wakusubiri?"

Ulimi wangu ulishazoea kusema ndiyo. Safari hii ulikataa.

"Baba, ni mbali," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya wateja. "Sitawahi."

"Najua ni mbali, mama. Ingekuwa karibu ungeshakuja."

Kisha akaniuliza kama nimekula.