Simu ya Mjomba Mezani kwa Kobe

Jina la Kobe binti huyu alipewa na mjomba wake, na hakupewa kwa mapenzi. Alipoanza kujifunza ufundi wa simu dukani kwa mjomba huyo, alikuwa na tabia ya kuishika simu ya mteja kiganjani na kuitazama kimya kama mtu anayesikiliza mapigo ya moyo, kabla hajagusa bisibisi. Mjomba akawa anawaambia wateja, "Mwacheni kobe wangu, atafika tu." Watu wakacheka, jina likanata.

Mjomba mwenyewe hakuwa na subira hiyo. Kioo kikigoma kuguswa, hukumu yake ilikuwa moja: kioo kimekufa, tubadilishe. Kobe ndiye aliyegundua, kwa kusoma na kujaribu, kwamba vingi kati ya vioo vilivyoitwa marehemu vilikuwa vizima kabisa. Kilichougua kilikuwa ndani: sasisho lililoingia nusu, mpangilio uliovurugwa na kidole cha mtoto, au programu ya bure iliyojitandaza juu ya nyingine zote kama shuka. Ukiiwasha simu katika hali salama, ambamo programu za kuongeza zote hulala, mara unaona kidole kinaitikiwa. Hapo unajua mchawi yumo humo humo, unamtafuta mmoja mmoja hadi umtie mkononi. Alipomweleza mjomba, aliambiwa kwamba ufundi ni kazi ya mikono, si kazi ya kubembeleza.

Walivumiliana hivyo mwaka na nusu, hadi siku aliyokuja mwalimu mstaafu.

Mwalimu huyo alikuwa mama wa makamo ya juu, mjane, mwenye kusema polepole. Simu yake ilikuwa inajifungua na kujifunga yenyewe. Kobe aliipokea, akaanza kuitazama, lakini gundi ya vioo ilikuwa imekwisha na mjomba akamtuma kwenda kununua. Aliporudi alikuta simu inawaka upya ikimkaribisha mwenye simu achague lugha, kama iliyotoka kiwandani leo. Mjomba alikuwa ameifuta yote. Dawa ya haraka, wateja walikuwa wengi.

Kumbe ndani yake mlikuwa na sauti za marehemu mume wa mwalimu. Ujumbe wa miaka mitatu: anauliza anunue vitunguu au viko, anasema atachelewa kidogo, anakohoa katikati ya sentensi. Mwalimu aliposhika simu akatafuta, akatafuta tena, kisha akauliza ziko wapi. Mjomba alipangusa pua. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba ni huyu mpwa wake, alimkataza asifute, lakini watoto wa siku hizi hawasikii.

Kobe alikuwa bado ameshika mfuko wa gundi. Mwalimu hakupiga kelele. Alimwangalia tu.

"Nimefundisha miaka thelathini," alimwambia. "Sijawahi kumfutia mtoto daftari lake."

Maneno hayo Kobe aliondoka nayo kama mwiba uliokatikia ndani. Lakini yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi. Mjomba aliwahi kwa mama yake Kobe, dada yake mkubwa, akaeleza anavyojua yeye. Kikawekwa kikao sebuleni. Kobe alisema yote tangu mwanzo: gundi, duka la vipuri, simu aliyoikuta imefutwa. Mama yake alisikiliza huku akikunja na kukunjua pindo la gauni lake. Mwisho akasema, "Mwombe mjomba wako radhi, yaishe."

Hakuomba. Alitoka dukani, akatoka na nyumbani pia. Akapanga chumba kimoja, na kwa miezi minane yeye na mama yake wakawa watu wa salamu za kutumiana kupitia majirani.

Mji ulikuwa na mitaa mingi ambayo angeweza kuweka meza. Alichagua mahali pamoja tu: chini ya ngazi za jengo lililotazamana na duka la mjomba, ng'ambo ya barabara. Pale palikuwa na nafasi ya meza, stuli mbili na kompyuta kuukuu iliyonguruma kama paka mwenye mafua. Juu akatundika kibao alichokiandika kwa mkono wake: FUNDI KOBE. KIOO CHAKO HAKIJAFA.

Wateja walianza kuvuka. Alikuja fundi cherehani aliyeambiwa kioo kimekufa upande mmoja; kumbe ukubwa wa maandishi ulikuwa umebadilishwa, vitufe vikatoka nje ya ukingo. Alikuja muuguzi ambaye simu yake ilikuwa imetiwa giza, haionekani hata juani. Kobe alichomeka kompyuta, akaiona sura yote ya simu upande wa pili, akarudisha mwanga kwa kugusa mahali pawili. Kila mmoja alipotaka kushukuru, Kobe alimwekea sharti moja dogo. Avuke barabara, aende akamwonyeshe yule fundi wa ng'ambo kioo kinavyofanya kazi.

Wengi walikwenda, maana binadamu hapendi kuambiwa uongo. Naye Kobe aliegemea ukuta akatazama. Aliona mjomba anaipokea simu, anaigusa, anairudisha. Aliona mabega yanavyoshuka. Kisasi chake kilikuwa cha kijiko, si cha ndoo, na kila kijiko alikionja hadi mwisho. Majirani wa ngazini walimsifu kwa uchapakazi. Hawakujua kwamba kuna asubuhi aliamka na homa akaja vilevile, asije akakosa sura moja.

Lakini kijiko hakijazi tumbo. Mjomba aliaibika, ndiyo, ila bado mitaa yote ilimwita mtu mwema aliyefukuza mpwa mzembe. Na mama bado hakuwa amevuka barabara.

Ndipo siku moja, saa za asubuhi, akaja mke wa mjomba na kitu amekifunga kwenye leso. Akasema ni simu ya jirani yake. Kobe akaifungua leso, akaona alama ya kuungua pembeni mwa jalada, pale ncha ya chuma cha kuchomelea ilipoangukia siku ambayo yeye mwenyewe alikuwepo. Ilikuwa simu ya mjomba. Simu ilikuwa inacheza ngoma: programu zinafunguka, herufi zinajiandika, kisha ikampigia mtu yenyewe, mke wa mjomba akaikata kwa hofu. Alieleza kwamba inapigia watu ovyo, imemwamsha mwenye nyumba mara mbili. Tena imebadilishwa kioo, kipya kabisa, na kioo kipya nacho kimeingiwa na wazimu uleule.

Kobe akauliza kwa upole kwa nini jirani huyo asiifute tu, iishe kazi.

Mke wa mjomba akatazama chini. Kuna sauti za mama yake mwenye simu humo, alisema, marehemu. Hazipo mahali pengine.

Bibi, basi. Bibi yake Kobe mwenyewe, akisimulia watoto wake walivyozaliwa na nani alimfuata nani. Kobe aliikunja leso taratibu, akaifunga vizuri, akamrudishia.

"Mwambieni mwenye simu aje mwenyewe," alisema. "Mgonjwa hatibiwi kwa kutuma mtu."

Siku mbili zilipita. Siku ya tatu, mchana, wakati maduka yamepungua watu, mjomba alivuka barabara. Aliketi kwenye stuli ya wateja, ambayo ilikuwa fupi, magoti yakampanda hadi kifuani. Kobe alimwamkia kama inavyopasa, akapokea simu, akachomeka waya wa kompyuta. Kompyuta aliigeuza kidogo, mgongo wake ukamtazama mjomba. Simu akailaza kifudifudi juu ya kitambaa.

Aliiwasha katika hali salama, nayo ikatulia mara moja kama mtoto aliyepata titi. Haikumchukua dakika kumi kumjua mchawi: programu ya kupunguza mwanga, iliyojitandaza juu ya skrini nzima, ikaharibika baada ya sasisho. Kuiondoa ilikuwa kazi ya kubofya mara moja. Hakubofya hapo. Alishusha sauti ya simu hadi mwisho kabisa, akafungua orodha ya majina, akatafuta lililoandikwa Dada.

"Mjomba, hii itapona bila kufutwa," alisema. "Ila kabla sijaendelea, nataka kujua kitu kimoja. Simu ya mwalimu, nani aliifuta?"

Akabofya jina. Kwenye kompyuta akaona mstari unaita. Kisha ukapokelewa, na sekunde zikaanza kutembea.

Mjomba alitazama juu ya ngazi, akatazama barabarani. "Unajua mwenyewe," alisema. "Ya nini kufukua?"

"Nataka kusikia kwa kinywa chako. Nikisikia, ninamaliza kazi."

Mjomba aliangalia ng'ambo, dukani kwake. Mikono yake ilikuwa imeshikana katikati ya magoti.

"Ni mimi," alisema. "Wewe ulikuwa umekwenda kununua gundi. Watu walikuwa wamejaa, ningesema nini mbele yao? Duka ni jina, mwanangu. Langu nimelijenga miaka ishirini. Lako lilikuwa bado changa, nikajua litaota tena."

"Na mama? Naye ulimwambia kwa ajili ya jina la duka?"

"Dada yangu huniamini. Ndivyo alivyo tangu utoto." Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyedhani mambo yanaelekea kuisha. "Wala haikuwa kazi ngumu."

Kobe aliziacha sekunde zitembee kidogo. Kisha akaigeuza kompyuta.

Mjomba alisoma. Lile neno Dada lilikuwa limeandikwa kubwa katikati, na chini yake dakika mbili na sekunde zikikimbia. Uso wake ulibadilika polepole, kwanza hakuelewa, kisha akaelewa, kisha akazeeka. Kobe alikuwa ameingoja sura hiyo miezi minane, na ilipokuja aliinywa kama maji ya mtungi. Mjomba akaikwapua simu, waya ukachomoka. Katika kuishikashika, kidole chake kikapandisha sauti, na sauti ya dada yake ikatoka, tulivu, karibu sana.

"Niko hapa," ilisema. Halafu ikakatika.

Kobe alimnyang'anya simu bila nguvu nyingi, akaondoa ile programu mbele ya macho yake, akaiwasha upya. Akaigusa huku na huku. Ilikuwa inaitika kila mahali. Akamkabidhi.

"Imepona," alisema. "Vuka barabara, ukajionyeshe."

Usiku huo hakulala kwa furaha. Alijipangia maneno ambayo mama angesema, na majibu yake, na namna atakavyokawia kusamehe. Asubuhi mama alikuja kweli. Alivaa kama mtu anayekwenda msibani. Hakuketi. Alikitazama kibao, akaitazama meza, akamtazama bintiye.

"Nilijua," alisema.

Kobe alidhani hakusikia vizuri.

"Tangu siku ya kikao. Yule nimemlea mimi, akidanganya hupangusa pua. Nilijua hata kabla hujamaliza kueleza." Akashika pindo la gauni lake. "Lakini nilikuangalia wewe, nikamwangalia na yeye. Wewe mikono yako ina kazi, ungesimama popote. Yeye angeanguka, asiinuke."

"Kwa hiyo mlinizamisha kwa sababu najua kuogelea."

Barabarani palikuwa na mtu anauza mifagio akipita na kelele zake, wakangoja apite. Katika muda huo mfupi Kobe aliona hesabu yake ilivyokosea. Kisasi chote alikuwa amekielekeza ng'ambo ya barabara, kumbe nusu ya deni ilikuwa nyumbani kwao. Alitafuta machozi, hayakuwepo. Kilichokuwepo ni ile hasira ileile, imepata tu mtu wa pili.

"Basi nenda naye kwa mwalimu," alisema. "Leo. Mkamwambie wote wawili. Yeye aseme alichofanya, na wewe useme ulichojua."

"Mwanangu, mbele ya mtu baki?"

"Mimi nilisemwa mbele ya nani?"

Mama akavuka barabara. Nusu ya mtaa iliwaona wakitoka, kaka na dada, hawasemezani, jua likiwa juu ya vichwa vyao. Mengine Kobe aliyapata kwa mwalimu mwenyewe, aliyekuja siku iliyofuata akaketi kwenye stuli fupi. Alisema aliwasimamisha barazani, akawasikiliza hadi mwisho. Halafu akamwambia mwanamume arudie, polepole, kwa sentensi kamili. Alirudia. Majirani walikuwa wametoka kuanua nguo.

Mwalimu aliuliza kama zile sauti zinaweza kurudi. Kobe alimjibu ukweli, kwamba haziwezi, kilichofutwa namna ile hakirudi. Mwalimu alitikisa kichwa kwa kuelewa. Alisema amekuwa akimchukia mtu asiye na kosa miezi minane, na kwamba chuki hiyo ilimsaidia kulala. Sasa atalazimika kuanza upya na mwingine. Walicheka wote wawili, kicheko kifupi. Kabla hajaondoka alimwomba Kobe radhi kwa lile neno la daftari.

Mama sasa hupita mara moja kwa wiki. Huketi, huuliza kazi inaendaje, hujibiwa. Hawajafika mbali, na Kobe hana haraka. Watu wanajua jina lake.

Mjomba hakufunga duka. Wateja wamepungua, lakini bado anapandisha mlango wake kila siku saa mbili. Naye Kobe kila siku saa mbili huacha meza yake, akavuka barabara, akasimama mbele yake mikono ikiwa mbele kwa adabu, na kwa sauti ambayo mtaa mzima unaisikia humwambia, "Shikamoo, mjomba." Wageni huguswa. Husema mzee huyu amebarikiwa, kuwa na mpwa mwenye heshima hivyo.

Mjomba hujibu marahaba, macho yake yakiwa kwenye kufuli.