Dakika Nne za Kambi Yetu

Kwanza mnielewe. Mimi nilikuwa sajenti meja wa kambi kwa miaka kumi na minane, na kambi yangu haikuwa na mpinzani. King'ora cha zoezi la dharura kikilia, askari wangu walikuwa kwenye malindo yao, kofia kichwani na bunduki mkononi, ndani ya dakika nne. Kambi nyingine walihangaika mpaka dakika tisa, kumi, na wengine bado wanatafuta soksi. Kombe la utayari tulilichukua mara saba, na mara zote saba nililibeba mimi mwenyewe, sikumwachia mtu.

Siri yake nitaisema, maana sasa nchi nzima inaijua. Zoezi lilitakiwa liwe la kushtukiza. Lakini mimi, siku moja kabla, baada ya chakula cha mchana, nilipita bweni kwa bweni nikisema, "Wanangu, kesho mfunge kamba za viatu vizuri." Basi. Kesho yake watu wanavaa mapema, wanakaa vitandani wakisubiri, na kanali na saa yake mkononi anabaki kushangaa. Sikuona ubaya wowote. Niliwapenda vijana wangu, na sifa za kambi nilizipenda zaidi.

Nilipostaafu, kazi ya mazoezi ilikuja kuangukia kwa binti yangu. Ndiyo, wa kumzaa mwenyewe. Alipita chuo cha maofisa akatoka luteni, na siku ile nilimpigia saluti mtoto niliyembadilisha nepi, nikasingizia vumbi limeniingia machoni. Alipopangiwa kambi yangu ya zamani nilimkalisha jikoni nikamfundisha yote niliyoyajua, na lile la kamba za viatu nililiweka mwanzo.

Mwaka jana, Jumanne moja asubuhi, magaidi walikata uzio upande wa ghala la mafuta. Mlinzi wa pale, koplo mmoja mrefu mwenye kigugumizi, alibonyeza king'ora akaanza kupambana nao peke yake. King'ora kikalia kambi nzima, na kambi nzima ikakaa. Hakuna aliyekuwa ameambiwa afunge kamba za viatu, kwa hiyo kila mtu alijua king'ora kimeharibika. Mhudumu wa simu alimpigia binti yangu ofisini kumlalamikia: "Afande, kama ni zoezi, mbona safari hii hamkutuarifu?" Binti yangu akamwambia hakuna zoezi, akatoka mbio na bastola yake. Msaada ulipofika ghalani zilikuwa zimepita dakika kumi na saba. Koplo alikuwa bado anapiga risasi, ghala halikuungua, ila mguu wake mmoja madaktari walishindwa kuuokoa.

Serikali ikaunda tume ichunguze kama jeshi liko tayari kweli kupambana na ugaidi, au ni maneno matupu. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, mama mfupi mwenye miwani mikubwa na asiyependa porojo. Wakaanza na wakubwa. Kanali alisema yeye aliletewa taarifa nzuri tu. Aliyemtangulia akasema hivyohivyo. Kila mmoja alitupa mpira kwa wa chini yake, ngazi kwa ngazi, mpaka ukamfikia luteni anayesaini taarifa za mazoezi.

Asubuhi ya kuitwa kwake alipita nyumbani kunywa chai, magwanda yamenyooshwa hata nzi angeteleza. Nikamwambia, "Sikiliza, mwanangu. Wakikuuliza nani alianzisha, sema mambo uliyakuta, hujui yalianza lini."

"Ninajua yalianza lini, baba."

"Unajua wewe. Wao hawajui."

"Nitakuwa nimekula kiapo."

Mama yake, ambaye katika miaka thelathini na minne ya ndoa hajawahi kuniunga mkono mbele ya watoto, alisema, "Mwache mtoto anywe chai. Kufundisha umeshafundisha vya kutosha."

Nikamwongezea chai, lakini roho iliniuma. Wakili wa tume alikwisha kuwaambia waandishi wa habari kwamba aliyeanzisha mchezo ule hafai kuvaa sare. Binti yangu akijibebesha yote peke yake, atafukuzwa. Akinitaja mimi, makombe yangu saba yanageuka kuwa udanganyifu mara saba, na jina langu litabanduliwa kwenye ubao wa bwalo la askari. Kale kauongo kadogo kangetuokoa wote wawili. Nilikuwa nimekapima vizuri, kama mtu mwenye akili zake.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Feni mbili zilikuwa zinazunguka juu bila kumpoza mtu, na kila shahidi aliyekaa alianza kwa kugongagonga kipaza sauti. Nilikaa safu ya nne, suti yangu na nishani zangu zote. Mbele kabisa alikaa yule koplo, magongo ameyalaza chini ya kiti. Alinipa mkono wakati napita, akaniita mzee wa kazi.

Wakili akafungua faili. "Luteni, taarifa hizi thelathini na moja zina saini ya nani?"

"Yangu."

"Zote zinasema zoezi lilikuwa la kushtukiza. Ni kweli?"

"Si kweli. Hata moja."

"Nani alikuamuru uandike hivyo?"

"Hakuna aliyeniamuru. Ningeweza kuacha siku ya kwanza. Sikuacha kwa sababu nilipenda kusifiwa."

Nilimtupia jicho kanali. Alikuwa anahesabu mapanga ya feni.

"Je, utaratibu huu uliuanzisha wewe?"

Kimoyomoyo nikawa nasema, niliukuta, niliukuta, sema hivyo tu mama. Akageuza shingo, akanitafuta kwenye viti mpaka akaniona.

"Hapana," alisema. "Nilifundishwa na sajenti meja aliyekuwepo kabla yangu. Aliwapenda askari wake, lakini alikosea, na mimi nikakosea baada yake. Ninaomba tume imsikilize, kwa sababu anaijua kambi ile kuliko kanali yeyote. Ni baba yangu. Amekaa safu ya nne."

Shingo zote zikageuka. Damu ilinichemka, nisiwadanganye. Nilitaka kusimama niondoke, niende nyumbani, nikae mwaka mzima bila kumsemesha. Mtoto huyu nimembeba mgongoni, leo ananivua nguo mchana kweupe mbele ya watu na kamera.

Wakili akashusha sauti. "Luteni, unaelewa kwamba kwa maneno haya unaweza kupoteza cheo chako?"

"Ninaelewa, mheshimiwa. Koplo amepoteza mguu."

Hakulia, hakutetemeka, wala hakumtazama mtu usoni akitafuta huruma. Nimekaa jeshini maisha yangu yote. Nimeona wanaume wenye nyota mabegani wakisimama wima na kusema uongo bila kupepesa, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, ingawa nyota sikuwa nazo. Mtu wa kusimama wima na kusema ukweli unaomuumiza yeye na damu yake, ndiyo kwanza nilikuwa namwona, na alikuwa wa kwangu. Hasira iliniishia pale pale. Nikajivuna mpaka kifua kikaniuma. Siku ya kombe la kwanza sikujivuna vile, wala la saba.

Nikasimama.

"Mzee, kaa chini," jaji alisema. "Hujaitwa."

"Basi niite, mheshimiwa."

Watu wakacheka. Jaji alinitazama juu ya miwani yake, akamtazama wakili, kisha akanionyesha kiti cha mashahidi. Tulipishana na binti yangu kwenye njia nyembamba katikati ya viti. "Nisamehe, baba," alininong'oneza.

"Nikusamehe nini? Tembea, watu wanakutazama."

Nikakaa. Karani wa tume alikuwa na kalamu tayari. Alizitazama nishani zangu, akaniuliza kwa heshima kama aniandike sajenti meja mstaafu.

"Andika baba yake luteni," nikamwambia, "halafu nipe hicho kitabu niape."