Kaka Melkiori Bado Yuko Raundi ya Sita

Usiku wa kuamkia leo niliota ndoto, nayo ilianza mchana kweupe, nimekaa sebuleni kwangu Morogoro namenya viazi. Televisheni ilikuwa imezimwa. Ikakohoa.

"Skola," ikaniambia, "kaka yako anakuulizia."

Kaka yangu Melkiori alikuwa bondia wa uzito wa juu. Enzi zake mtaa mzima ulijazana kwetu kumtazama, wengine wakichungulia dirishani. Kwenye pambano lake la mwisho, dhidi ya Ssemwanga wa Kampala, kituo kilikatisha matangazo raundi ya sita kikaweka mashindano ya kucheza muziki. Watu hawakuondoka. Wakatazama muziki. Siku hizi kaka analinda ghala la mbolea, na hakuna aliyewahi kumuuliza pambano liliishaje.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Waulize wanaorusha," ikasema televisheni.

Mara sebule ikawa ofisi ya kituo. Nyuma ya meza ameketi rimoti, amevaa tai.

"Pambano la kaka yangu mlilifanyaje?"

"Tulilirusha," anajibu. "Kazi yetu ni kurusha."

"Mlilirusha wapi?"

Ananionyesha dirisha. "Nje. Uzito wa juu, mama, hukaa juu. Hapa chini tumebakiza vitu vyepesi. Ngazi iko uani."

Napanda, kisu cha viazi kingali mkononi. Juu ya mawingu kuna ulingo, na viti visivyohesabika, vyote vitupu, vimekunja mikono. Katikati, kaka na Ssemwanga wameegemeana kama wanaume wawili wanaohamisha kabati. Vichwa vyao vimejaa mvi. Mwamuzi anasinzia amesimama.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Umechelewa."

"Mnafanya nini huku?"

"Raundi ya sita."

Kengele iliyotundikwa kwenye kona ikajitetea: "Msinilaumu mimi. Raundi isiyotazamwa haiishi. Ndiyo kanuni."

"Dada," akasema Ssemwanga akihema, "naomba ukae. Mke wangu ananisubiri Kampala tangu nina nywele nyeusi."

Nikakaa. Viti vyote vikanigeukia, vikaniangalia vizuri, kisha vikageukia ulingo. Simu yangu ikaanza kunibembeleza mfukoni. "Skola, kuna paka anacheza. Dakika moja tu." Nikaitoa nikaikalia.

Wanapigana. Wamekuwa wazito, wanachelewa, lakini kila ngumi inapotua mawingu yanatikisika na mimi natikisika nayo. Nilikuwa nimesahau kwamba ngumi ya mtu mkubwa ina sauti yake, kama gunia linalodondoshwa sakafuni. Nilikuwa nimesahau pia kwamba kaka yangu alikuwa mzuri hivi.

Anarusha mkono wa kushoto. Ssemwanga anainama, na ngumi yake inampata kaka kidevuni. Kaka anakwenda chini taratibu, kama mtu anayeketi kula.

Mwamuzi anazinduka, anaanza kuhesabu. Nasimama.

"Inuka, kaka! Inuka!"

Kaka ananitazama kutoka sakafuni. "Niache, Skola," anasema kwa upole. "Iliisha hivi hivi. Nilitaka tu mtu aone."

Kumi.

Kengele ikalia. Ililia hasa, mpaka machozi yakaichuruzika, na viti vikaanza kuondoka kimya kimya, kimoja kimoja.

Nikapiga makofi peke yangu. Ssemwanga akamwinua kaka, wakashikana mikono, kisha akashuka ngazi mbio bila kungoja mkanda wake wa ubingwa. Kaka akaja kunikumbatia. Uso wake ulikuwa umepakwa mafuta ya mgando, yale wanayopakwa mabondia ili ngozi isichanike, akauegemeza shavuni kwangu na kutulia hapo.

"Nilipigana vizuri?"

"Vizuri sana, kaka. Laiti watu wangeona."

"Si umeona wewe," akasema.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia chumbani. Nikajipapasa uso, vidole vikateleza. Shavu langu la kushoto lilikuwa linang'aa kwa mafuta ya mgando. Nyumbani kwangu hayapo, mimi hupaka ya nazi.

Nikakaa kitandani. Sikuyafuta.