Kifua cha Mpishi

Pushapu ya mwisho ilimshinda. Kifua kiligusa sakafu, na maumivu yakamchoma mpaka kwapani. Akajigeuza chali upesi, akauma meno asije akamwamsha mtoto.

"Bado hujamaliza adhabu yako?" mkewe aliuliza kutoka kitandani.

"Ni mazoezi."

"Mazoezi gani hayo, baba, mtu anatokwa na machozi?"

Mpishi, kama walivyomwita kazini, alijifuta uso kwa kiganja. Tangu mvua za mwanzo alikuwa akipiga pushapu kila alfajiri, katikati ya kitanda na jiko, mahali pekee chumbani palipomtosha mtu mzima kujinyoosha. Aliyemshauri ni mhudumu wa zahanati ya kampuni. Bwana yule alimtazama kifua akiwa ameketi palepale kitini, hakuinua hata kidole kumgusa, akasema mafuta tu hayo, piga pushapu, punguza kula, acha bia. Bia yenyewe Mpishi hanywi. Na mafuta gani kwa mtu ambaye mbavu zake unaziona ukiwa upande wa pili wa barabara? Lakini bwana alivaa koti jeupe, na Mpishi hakuwa na lugha ya kubishana na koti jeupe.

Basi akapiga pushapu. Mikono ikajaa, tumbo likaingia ndani, na matiti yakabaki palepale, tena yakazidi. Tuyaite kwa jina lake, maana hata mwenyewe alishachoka kusema "kifua". Yalikuwa matiti ya duara, yenye kitu kigumu chini ya chuchu, na yaliuma. Binti yake mdogo alizoea kumlalia kifuani kila jioni. Siku hizi akimlalia tu anashushwa, na mtoto hajui amekosa nini.

Alijifunga kitambaa kilichochanwa kutoka kwenye shuka kuukuu, mkewe akamkazia fundo mgongoni. Juu yake akavaa fulana, na juu ya fulana shati.

"Leo nenda hospitali ya serikali," mkewe alisema. "Za yule wa zahanati sitaki kuzisikia tena."

"Nikichelewa kazini?"

"Chelewa. Mimi namtaka mume wangu. Hao samaki wa kampuni wana wenyewe."

Daktari alikuwa mama mmoja mwenye macho mekundu ya kukesha zamu. Mpishi alipoona ni mwanamke alitaka kugeuka arudi zake. Akajikaza kisabuni, akafungua vifungo. Daktari hakucheka. Alibonyeza taratibu kuizunguka chuchu, akauliza habari za pombe, akauliza vidonge anavyomeza, akamvuta kope za chini kutazama umanjano, kisha akauliza kama korodani zina uvimbe wowote. Hilo Mpishi alilijibu akiwa anatazama dari.

"Haya si mafuta, kaka," alisema daktari. "Mafuta yangekuwa laini. Hili ni titi lenyewe linakua. Pushapu haziliondoi, hata upige mpaka uote mabawa."

"Sasa limetoka wapi?"

"Sababu ni nyingi. Kuna dawa zinazoleta, kuna ini, kuna tezi, na wengine hatujui chanzo mpaka leo. Unafanya kazi gani?"

"Napika chakula cha vifaranga wa samaki."

Haikuwa kupika hasa, ikabidi aeleze. Kwenye mabwawa ya kampuni samaki dume ndiye mwenye faida, kwa sababu hunenepa upesi, wakati jike hushughulika na kuzaa tu. Kwa hiyo vifaranga, wakiwa bado wadogo kama punje, hulishwa homoni ya kiume ili wote wakue madume. Unga wa homoni huyeyushwa kwenye spiriti, ukamwagwa juu ya chakula ndani ya karai, kisha mtu mmoja akakikanda na kukianika kivulini. Mtu huyo ndiye Mpishi.

"Unakanda kwa kutumia nini?"

"Mikono."

"Na glovu?"

"Zilichanika zamani. Msimamizi anasema mkono mtupu ndio unaosikia mabonge."

Daktari akaweka kalamu chini. Mpishi akaona heri amalize yote, kwani alishavua shati na hakubaki na cha kuficha. Kifua kilipoanza kuvimba, alikaa akawaza kama mtu mwenye akili zake. Dawa hii inamfanya jike awe dume. Mimi ni dume tayari, itanifanya nini zaidi ya kunirudishia udume wangu? Tangu hapo kila jioni, kabla ya kunawa, alifunga mlango wa chumba cha kuchanganyia, akamimina spiriti yenye dawa iliyobaki chini ya chupa, akajipaka kifuani.

"Ulijipaka mpaka lini?"

"Mpaka jana."

Daktari alifumba macho kidogo. "Mwili hauendi hivyo, kaka yangu. Ukiupa homoni ya kiume kupita kiasi, nyingine mwili wenyewe huigeuza ya kike. Sikuapii kwamba ndiyo hiyo, maana vipimo vya damu hapa hatuna. Lakini ningekuwa wewe, nisingeigusa tena hata leo. Ukiacha mapema, huenda likanywea. Likishakomaa, litabaki la kukatwa kwa kisu."

Alitoka hospitalini amejaa hasira, na chini ya hasira alikuwa na furaha ndogo aliyoionea haya. Kumbe hakuwa amelogwa, na hakuwa mvivu wa mazoezi.

Alipofika kazini, gari la mnunuzi wa samaki lilikuwa limeshaegeshwa kando ya bwawa kubwa, na msimamizi alikuwa akizunguka kama kuku anayetaka kutaga.

"Ndiyo unafika, bosi?" msimamizi alimkejeli.

"Samahani, mzee. Nilikuwa hospitali. Ile dawa inaniharibu mwili. Naomba glovu na barakoa, au nihamishwe kazi."

Akaeleza alichoambiwa, kwa sauti ya chini, akiwa ameshika kola ya shati. Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaangua kicheko.

"Homoni ya kiume ikuoteshe matiti? Hata uongo una kiasi chake! Zahanati walishakwambia ni mafuta."

"Yule hakunigusa, mzee. Huyu amenipima."

"Glovu zimeagizwa, hazijaja. Zikija ni za wale wa maabara, si za karai. Kazi nyingine niliyo nayo ni ya wavu, na sheria ya wavu unaijua. Karai, wavu, au lango. Chagua upesi, mwenye gari anasubiri."

Sheria aliijua. Zamani samaki wanono walikuwa wakitoka bwawani wamelala ndani ya mashati ya watu, ndipo uongozi ukaamua wavuta wavu wote waingie majini na kaptula peke yake. Shati hakuna, fulana hakuna. Mpishi aliweza kuficha mwili wake muda wote huo kwa sababu chumba chake kilikuwa na mlango. Sasa ama arudi kwenye karai na matiti yakue, ama ayaanike mbele ya kundi zima.

Akasimama ukingoni, akavua shati, akavua fulana, akahangaika na fundo la mgongoni. Kitambaa kikaanguka.

Wa kwanza kuona alikuwa Redio, mvuta wavu aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauzimwi. "Jamani! Kumbe Mpishi ananyonyesha! Ndiyo maana vifaranga wakimwona wanampigia makofi!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia magoti. Mpishi aliingia majini akitamani yamfike shingoni, lakini bwawa lilikuwa limepunguzwa kwa ajili ya mavuno, yakaishia kiunoni. Alishika kamba, akavuta. Masikio yalimwaka moto, ila mikono ilivuta vizuri kuliko ya yeyote pale. Pushapu zilikuwa zimefaa kwa kitu kimoja. Akajiambia cheko la leo litaisha leo, lakini kazi anayo na karai hataligusa tena.

"Redio!" msimamizi aliita kutoka ukingoni. "Toka humo. Kuanzia sasa wewe ndiye mpishi. Vifaranga hawajala tangu asubuhi."

Redio alitoka akirukaruka. "Kivulini, jamani! Tena kwa kukaa! Kwaherini, vyura!"

"Redio, usishike kwa mikono!" Mpishi alipaza sauti. "Ni hiyo dawa iliyonifanya hivi!"

"Wivu huo, dada!"

Wakacheka tena. Msimamizi akafoka wavute wavu, na wavu ukavutwa. Chumba cha kuchanganyia kilitazamana na bwawa, na Redio alikuwa ameuacha mlango wazi apate upepo. Mpishi alimwona akimimina spiriti. Alimwona akizamisha mikono mpaka kwenye viwiko, akipiga mluzi, hana hili wala lile. Akamkumbuka binti yake, akaikumbuka na kodi ya chumba, na alijua fika atakalolipata. Hata hivyo aliiachia kamba.

Upande wake wa wavu ulilegea, samaki wakafumka kupitia pengo kama maji ya bomba lililopasuka, na watu wakapiga kelele. Mpishi akapanda ukingoni, akakata kiwanja chote kifua wazi bila kujifunika hata kwa kiganja, akasimama mlangoni.

"Nitazame," alimwambia Redio. "Acha mzaha, nitazame vizuri."

Redio akainua macho. Akaona chuchu zilizotuna, ngozi iliyovutika, na michirizi myekundu mahali kitambaa kilipokuwa kikimbana kila siku. Kicheko kikamfia mdomoni.

"Na wewe ulikuwa unakanda hivihivi?"

"Hivihivi."

"Inauma?"

"Hata maji yakigusa."

Msimamizi alifika akihema, amelowa mpaka magotini. "Wewe, lango lile pale. Kesho nisikuone." Akamgeukia Redio. "Na wewe umeishiwa betri? Kama hutaki kazi, sema. Nje kuna foleni."

Redio aliitazama mikono yake, imegandwa na unga mpaka juu. Akakitazama kifua cha Mpishi, halafu akamtazama msimamizi aliyeuziba mlango.

"Nisamehe, kaka," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna mtu kazini aliyewahi kuisikia kwake. "Mke wangu ni mjamzito."

Akairudisha mikono ndani ya karai, akaendelea kukanda.