Batri Chini ya Kitanda

Habari ile ilimkuta Adolphine kwenye mchanga wa Mboko, akigeuza ndagala juani. Jirani yake Florentine aliinama karibu naye kana kwamba anamsaidia kuchambua samaki, akamnong'oneza.

"Mama Rosette, ulisikia ya Swima?"

"Ya Swima gani tena?"

"Basoda, bale ba bunduki. Fasi banaona ampule inawaka, ndiyo banaingia. Banasema muntu mwenye taa eko na redio, anaita adui yabo ku mulima. Kwa nyumba moja balibeba hata mutoto mwanamuke."

"Nani alikuambia?"

"Bantu banasema." Florentine akatupa samaki mmoja mbovu kando. "Na hapa Mboko, ni kwa nani kunawaka? Si kwenu?"

Tangu hapo neno lile halikumtoka Adolphine. Akitwanga majani ya sombe, lipo. Akipiga magoti kusali, lipo. Watoto wengine walikuwa wamekimbilia ng'ambo ya ziwa na shangazi yao. Alikuwa amebaki na Rosette tu, na Rosette alikwisha kuanza kufunga kikwembe kiunoni kama mwanamke. Kila alipomtazama akiosha sahani, Adolphine alisikia tena: hata mutoto mwanamuke.

Kuhusu taa, Florentine hakusema uongo. Vita viliporudi mara ya pili na kufunga barabara ya Uvira, petroli ya taa haikuja tena, na wavuvi wa ndagala, ambao samaki wao hufuata mwanga, walikaa ufukweni, mitumbwi imelazwa kifudifudi. Ndipo Patrice, mume wa Adolphine, aliyekuwa fundi wa malori, akaenda kufungua dinamo kwenye lori lililoungua njiani. Nyuma ya nyumba yao unapita mto mdogo unaoshuka mlimani. Akauchimbia mfereji, akaweka gurudumu la mbao lenye vibao pembeni. Maji yakapiga vibao, gurudumu likavuta mkanda, mkanda ukazungusha dinamo. Kila aliyeuliza alimweleza bila kuchoka: humo ndani waya zinazunguka karibu na sumaku, na katika kule kuzunguka umeme unazaliwa, unapita kwenye nyaya, unaingia kwenye batri. Henri na wavuvi wenzake walileta batri asubuhi, jioni wakazichukua zimeshiba, wakaenda kuwasha ampule juu ya ziwa. Mboko ikala ndagala tena.

Batri zilikaa nje, chini ya kibanda cha nyasi kisicho na kuta, na hapo Patrice hakutaka mchezo.

"Batri ikishiba inachemka kama chungu," alikuwa akisema. "Inatoa pumzi, na ile pumzi inapenda moto kupita petroli. Iache iende na upepo."

Aliposikia inachemka, aliteremsha ubao kwenye mdomo wa mfereji, maji yakapita njia nyingine, gurudumu likasimama. Kama ungekuwa umeme wa jua, ungekoma wenyewe jioni, lakini mto haulali. Usipoufunga, unaendelea tu kulisha.

Jioni ya siku ile ya mchangani, Adolphine hakungoja mumewe anawe mikono.

"Baba Rosette, toa hiyo kitu yako."

"Nitoe, tukule nini? Majani?"

"Basi iingie ndani. Muntu akipita ku barabara anaona batri kwa kibanda, anajua."

"Ndani haiko fasi yake."

"Na mutoto wako, fasi yake iko wapi? Ku mabega ya basoda?"

Patrice akaenda kunawa mikono. Kesho yake akawaambia wavuvi wapunguze kuleta, akapitisha nyaya kwenye tundu la ukuta, akaweka batri moja chini ya kitanda, ile iliyokuwa zamu yake kujazwa.

"Lakini dirisha libaki wazi," alisema. "Na moto usikaribie. Unasikia, mama Rosette?"

"Nimesikia."

Alikuwa amesikia kweli. Ila Patrice alipotoka, batri ikaanza kutokota, na masikioni mwa Adolphine ikasikika mpaka barabarani. Akafunga dirisha. Akaziba nyufa kwa vitambaa. Mwishowe akaifunika batri kwa blanketi, kama mtu anayefunika mtoto. Kwa mara ya kwanza tangu mchangani, alipata usingizi.

Jumamosi moja Patrice alikwenda ufukweni kwa Henri. Kabla hajarudi, risasi zikalia upande wa Swima. Watu wakaingia ndani kama kuku walioona mwewe. Adolphine akamvuta Rosette, akafunga mlango, akauzuia kwa kinu. Kisha mvua ikaanguka mlimani, mfereji ukafurika, na gurudumu wakalisikia likikimbia kama lina wazimu.

"Mama, ubao," Rosette akasema. "Papa alisema tufunge maji."

"Kaa chini! Unataka bakuone?"

"Ni hapa nyuma tu."

"Nimesema kaa!"

Wakakaa. Alasiri nzima batri ilichemka chini ya kitanda. Harufu yake iliwakwaruza koo, wakakohoa kwenye vikwembe wasisikike. Giza la mvua lilipoingia, Rosette akaanza kutetemeka kwa baridi.

"Chukua lile blanketi la chini ya kitanda," mama yake akamwambia.

"Sioni kitu."

Ampule ya ndani Adolphine asingekubali iwashwe. Mwanga wake ungepenya kila ufa. Akawasha kibatari cha mawese, ulimi wa moto usiozidi ukucha, akampa.

"Shika huku chini, kisiangaze juu."

Alifikiria macho ya barabarani tu.

Mlio ulikuwa mmoja, mkavu. Adolphine akajua askari wamefika. Akajitupa chini, mikono kichwani, akingoja wa pili. Alingoja. Wa pili haukuja. Kilichokuja ni sauti ya Rosette, na hata hiyo alikawia kuielewa.

Florentine ndiye aliyesikia na kuvuka ua, chupa ya mawese mkononi. "Mafuta inapoza!" akasema, akammiminia mtoto machoni. Kilio kikapanda. Adolphine alimshika Rosette kichwa ili mafuta yaingie vizuri.

Ndivyo Patrice alivyowakuta, amelowa, anahema.

"Batri imepasuka, ni maji ya batri hiyo inamuunguza! Nani anamupaka mafuta? Maji, jamani, maji!"

Akambeba mpaka mfereji, akamwekea uso kwenye maji yanayokimbia, akafungua kope kwa vidole, akamshikilia hapo mpaka mikono yake ikafa ganzi. Jicho la kuume likabaki na ukungu kidogo. La kushoto likageuka jeupe, kama la samaki aliyechemshwa, na halikurudi.

Asubuhi askari walipita kweli. Mmoja akaingia uani, akanywa maji ya mfereji kwa kiganja, akatazama gurudumu. Adolphine alikuwa kizingitini, kichwa cha Rosette kimefungwa vitambaa mapajani mwake.

"Mama, ni hapa banajaza batri? Tochi yetu inakufa."

Adolphine akamvuta Rosette karibu. Yule akamtazama mtoto, akafuta kidevu, akawafuata wenzake. Habari ya redio hakuuliza.

Baadaye Adolphine alimuuliza Florentine ile nyumba ya Swima ni ya nani.

"Bantu tu, mama Rosette. Balisema."

Batri zimerudi kibandani. Rosette, akiitwa, hugeuza kichwa kizima ndipo amwone anayemwita. Na kila mama anayefika na batri kichwani, Adolphine humsimamisha kwanza, asimwache apite mpaka ayasikie yote:

Usilaze batri ndani ya nyumba, wala chini ya kitanda.

Usifunge dirisha mahali inapojazwa.

Usiifunike kwa blanketi wala kikwembe.

Usisogeze kibatari, sigara, wala makaa, hata kidogo.

Usiache maji yazungushe gurudumu batri ikishashiba.

Usimtume mtoto kwenye batri.

Usihamishe kitu mahali pake kwa neno la kusikia tu, kama hujamwona aliyeshuhudia kwa macho yake.

Maji ya batri yakiingia jichoni, usipake mawese, usipake maziwa, usingoje. Maji tu, mengi, kwa muda mrefu.