Tangawizi ya Mama Élise

Siku Honorine alipohamia Rwambuzi akitokea Butembo, alikuta tangawizi imeshaota nyuma ya nyumba aliyopanga. Ulikuwa mstari mmoja tu, majani membamba yanamfika kiunoni. Aliipalilia, akingoja majani yakauke ndipo aing'oe, auze sokoni.

Asubuhi moja aliona shina la kwanza limefukuliwa. Tangawizi ilikuwa imevunjwa kipande pembeni, jeraha bado bichi, linatoa maji. Kesho yake ikawa zamu ya shina la pili. Udongo mwekundu ulikuwa umerudishwa na kusawazishwa kwa mkono. Alama za vidole vinne zilionekana wazi. Nyayo hazikuwepo. Na mvua ilikuwa imenyesha hadi alfajiri, yeye mwenyewe miguu inazama kwenye tope.

Akamwuliza jirani yake, muzee Lambert.

"Ile ni namna ya Mama Élise, mwenye alikuwa anakaa mu hii nyumba mbele ufike," Lambert akasema polepole. "Kifua ilikuwa inamusumbua. Kila asubui anavunja kidogo ya chai, anaacha shina iendelee. Kisha ndugu zake wakamupeleka kwao, Djugu."

"Sasa nani anavunja?"

Muzee aliingia ndani, akafunga mlango.

Jumamosi akaja Arielle kutoka Djugu, binti wa Mama Élise. Hakungoja hata kupewa kiti.

"Mama, ni weye unatumaka tangawisi kwa mama yangu?"

"Mama yako simujue. Kuko nini?"

"Hatembee tangu Pasaka. Mu nyumba hatuna tangawisi. Lakini kila asubui ananukia tangawisi, na tukimuosha mikono, udongo iko mu makucha. Udongo mwekundu. Kwetu pale iko mweusi."

Honorine aliinuka. Alimwongoza nyuma ya nyumba. Arielle akapiga magoti, akaweka vidole juu ya zile alama, akavuta mkono haraka.

"Iko na joto," akanong'ona.

Walichimba mstari wote, wakajaza gunia pamoja na udongo wake. Honorine hakubakiza hata kipande.

Baada ya wiki mbili Arielle akapiga simu. Tangawizi ameipanda chini ya dirisha la mama yake. Mikono inaamka safi; mama analala vizuri.

Honorine akamshukuru Mungu. Lakini kila alfajiri aliendelea kutoka kuangalia ule mstari mtupu, na alipokuta udongo uko vilevile kama jana, alibaki amesimama pale, kama mtu aliyekuja kumsalimia jirani akakuta amehama.