Jina la Kapuni

Karani wa hati za ardhi alimhudumia kwanza mzungu wa buti zenye matope, kisha mzungu mwingine aliyeingia baada yake, kisha akamalizia kipande chake cha pai na kujifuta vidole kimoja kimoja. Ndipo akainua macho.

"Haya, Lurline. Umeleta nini?"

Karani mwenyewe alikuwa msichana wa rika la wajukuu wa mama huyu. Lurline Gadson, mwalimu wa shule ya Jumapili, mwanamke ambaye kisiwani kwao watu wazima husimama kwa heshima akipita, alijibu kwa adabu zote.

"Hati ya shamba la marehemu baba, Bi Peggy. Naomba iingizwe kitabuni."

Akaisukuma juu ya kaunta ikiwa bado imefungwa kwenye kitambaa cha mfuko wa unga. Miguu ilimwaka moto, lakini hakuthubutu kuegemea. Huku mjini, mweusi wa visiwani akiegemea kaunta huambiwa kalewa.

Shamba lile ndilo lilikuwa kila kitu chao. Nyumba ya Shangazi Sukey, kisima, matuta ya bamia, makaburi ya watu wao, vyote vilikuwa humo. Jumatatu jaji angesikiliza madai ya kampuni ya uwanja wa gofu kwamba ardhi ile haina mwenyewe, na hati isipoandikishwa leo Ijumaa, basi tena. Baba aliificha godoroni maisha yake yote, maana enzi zake mtu mweusi aliyekwenda mahakamani na karatasi ya ardhi alirudi bila karatasi, au hakurudi.

Peggy alisoma huku midomo ikimcheza. Mara akacheka puani.

"Shamba la ekari kumi na moja limeuzwa kwa... Kobe?" Akaigeuza karatasi, labda nyuma kuna jina la maana zaidi. "Earl, njoo uone! Kuna kobe kanunua shamba!"

"Alilipa kwa mayai?" akauliza Earl, yule wa buti, aliyekuwa bado anakunja ramani zake za uwanja wa gofu pembeni. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kisiwani kila mtu ana majina mawili. Mama akienda kulima, mtoto hulazwa ndani ya kapu kando ya matuta, na humo kapuni hupata jina la nyumbani. La kanisani ni la Mungu na serikali. La kapuni ndilo utakaloitiwa chakula, utakalochumbiwa nalo, utakaloliliwa nalo ukifa. Elijah Gadson alichelewa kutambaa, akawa Kobe mpaka kaburini, na mzee aliyemuuzia shamba hakuwahi kumjua kwa jina jingine.

Lurline hakugeuka, lakini alijua ni nani aliyesimama nyuma yake. Bi Cordelia Simmons, mke wa mwenye nyumba ya mazishi, mweusi mwenzake, ila wa mjini, glavu nyeupe mkononi. Alimsikia akikohoa kile kikohozi cha kumezea kicheko. Hapo ndipo aibu ilipompanda, jamani! Wazungu kumcheka alishazoea. Lakini Cordelia alikuwa shule moja naye, darasa lile ambamo mwalimu alimsimamisha mbele aongee kikwao ili wenzake wacheke, na Cordelia alicheka kuwashinda wote. Tangu siku ile Lurline alijifunza kuongea kama mtangazaji wa redio.

Peggy alimsogezea Biblia.

"Inua mkono wa kulia. Hati ya zamani hivi inataka kiapo cha mtu anayemfahamu mnunuzi. Sema kwa sauti tusikie wote. Huyu Kobe ni nani wako?"

Neno lilikuwa pale pale mdomoni. Baba. Angelitamka tu, yangekwisha. Watu walikuwa wanangoja kucheka.

"Ni kosa la mwandishi," alisema. "Baba yangu aliitwa Elijah Gadson."

"Kwa hiyo Kobe humjui?"

Bi Cordelia akakohoa tena.

"Kwetu hakuna mtu wa jina hilo," alisema Lurline Gadson, kwa sauti yake safi ya redio.

Peggy akapiga taipu haraka haraka. Sasa hakuna aliyecheka. Yule wa buti alisogea, akasoma juu ya bega la karani, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Sahihi hapa," alisema Peggy. "'Mleta hati ameapa kwamba hamjui mnunuzi aitwaye Kobe, na kwamba katika ukoo wake hakuna mtu wa jina hilo.'"

"Halafu jina la baba litaingia?"

"Litaingiaje, Lurline? Umesema mwenyewe, shamba lilinunuliwa na mtu msiyemjua."

"Ngoja. Ngoja, mwanangu. Kobe ni jina la nyumbani, la kapuni, ndiye baba, ndiye yeye mwenyewe..." Maneno yalimtoka kikisiwani, yakigongana. Alijisikia akiongea vile na uso ukamwaka.

"Umeshaapa. Ukiapa mara ya pili, kiapo kimoja ni cha uongo, na uongo juu ya Biblia ya kaunti ni jela. Niite polisi?"

"Lurline, mpenzi," alisema Bi Cordelia kwa upole, "na sisi wengine tuna shida zetu."

Lurline akatia sahihi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, Peggy mwenyewe aliusifu.

Alipofika nyumbani ukoo wote ulikuwa barazani kwa Shangazi Sukey, sufuria la wali na kaa likichemka uani. Shangazi, mdogo wa marehemu baba, alisimama kwa kujikongoja.

"Ehe, Chiriku wangu! Wamemwandika kaka yangu?"

Lurline alitazama nyuso zile.

"Wamemwandika, shangazi."

"Kobe? Wameandika Kobe, kama alivyo?"

"Kama alivyo. Kwa taipu."

"Wewe! Wazungu wameandika Kobe!"

Bikizee akapiga makofi, wengine wakadakia, miguu ikaanza kukanyaga mbao za baraza kwa mzunguko kama wanavyofanya kanisani, Kobe, Kobe, eh Kobe. Shangazi alimshika Lurline mkono akamvuta kwenye duara. Naye akaingia, akacheza.